Kabla ya Vigae, Tuulize Maji Yanakwenda Wapi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi watu wa Bwesumbu tunaanza na ukuta: tunaujenga, tunaupaka rangi, tunaubandika vigae, kisha mvua ya kwanza ndiyo inayotukumbusha ufa. Ushahidi uko katika mabafu tunayoongeza siku hizi kwenye nyumba zetu za zamani. Kahawa ikilipa vizuri, utaona pikapu ikipanda kilima imebeba mifuko ya saruji ya Hima, mabomba ya plastiki na choo cheupe cha kukalia. Majirani wanashangilia. Hakuna anayeuliza maji ya choo hicho yatatoka wapi, wala yatakwenda wapi.

Sipingi bafu jipya. Ninapinga namna tunavyolipanga. Hoja yangu ni hii: nyumba iliyo kwenye mteremko wa Rwenzori ipangiwe bafu kwa kuanzia mahali maji machafu yatakapoishia, na kwa kumfikiria kwanza mtu aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Anayeanza na vigae na wageni ananunua ugomvi na jirani wa chini, na anawanunulia watoto wa jirani huyo ugonjwa.

Najua wapo watakaocheka. Mtoto ametumwa chuo kikuu kusoma fasihi na isimu, naye anarudi na insha ya choo! Lakini mficha uchi hazai. Jambo tunaloona haya kulizungumza mbele ya watu ndilo linaloamuliwa na watu wawili tu: mwenye pesa na fundi. Wanaochota maji, wanaosugua sakafu na wanaozeeka ndani ya nyumba hawaulizwi.

Nichukue mfano wa nyumba yetu wenyewe. Babu aliijenga baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 20 Machi 1966, lile lililobomoa nyumba nyingi upande huu wa magharibi mwa Uganda. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, ikapigwa lipu ya saruji kwa nje, ikaezekwa mabati. Ina vyumba vinne. Sebule iko upande wa juu, inatazama njia. Jiko liko nyuma, upande wa chini. Tunaoga kwenye kibanda cha mabati makuukuu kando ya jiko. Choo ni cha shimo, nacho kiko mbali zaidi kwenye mteremko, baada ya mibuni na migomba. Bibi yangu ana zaidi ya miaka themanini. Usiku wa mvua anashuka huko kwa fimbo na tochi, au hashuki kabisa, anavumilia hadi kupambazuke. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo yalivyo sasa yanatosha. Hayatoshi.

Familia imekubaliana kuingiza bafu ndani. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli tangu babu afariki, ameleta mpango wake: stoo iliyo kando ya sebule igeuzwe bafu lenye choo cha kuvuta maji, beseni la kunawia, kioo na vigae kuanzia sakafuni hadi darini. Nilipomuuliza kwa nini pale, alinijibu, "Mwanangu, mgeni akija asizungushwe nyuma ya nyumba kama mwizi."

Kwa heshima zote, baba mkubwa, mgeni huyo ni nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wetu wakubwa huja Krismasi, harusini na msibani. Bibi yuko hapa siku 365. Tukimjengea mgeni bafu, bibi tunamwachia nini? Stoo hiyo iko mbali na chumba chake kuliko chumba kingine chochote. Kulifikia bafu jipya itampasa avuke sebule nzima gizani, apite katikati ya wajukuu waliolala kwenye mikeka, apande na kizingiti kimoja. Tutakuwa tumemtoa kwenye mteremko wa nje tukampa mwingine ndani ya nyumba. Na sisi wenye adabu zetu za ukwe, hebu tufikirie: mlango wa choo unaofunguka moja kwa moja sebuleni, wakwe wameketi na chai mkononi, nani atathubutu kuingia? Choo hicho kitakuwa cha kutazamwa.

Hilo ni suala la mahali. Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo hesabu inapokataa kabisa.

Choo cha kuvuta maji cha kawaida hutumia lita 6 hadi 9 kwa kila mvuto, na vya zamani hutumia hata zaidi. Nyumbani tuko saba. Tuseme kila mtu anaingia chooni mara nne kwa siku. Kwa lita 6 hizo ni lita 168, yaani zaidi ya jerikani nane za lita ishirini, na bado hatujaoga, hatujapika wala kufua. Kwa lita 9 ni lita 252, zaidi ya jerikani kumi na mbili. Bomba letu la kijiji ni la maji ya mtiririko yanayoshuka mlimani. Mvua kubwa ikinyesha, chanzo hujaa tope na bomba hukauka, wakati mwingine kwa wiki nzima. Siku hizo maji yanatoka kichwani mwa mtu. Jerikani moja ikijaa ina uzito wa kilo ishirini. Kila mtu Bwesumbu anajua ni kina nani wanaobeba: ni akina mama, wasichana, na watoto kabla ya kwenda shule. Mwenye kubonyeza kitufe cha kuvuta hatambui kwamba amevuta nusu saa ya mdogo wangu kwenye foleni ya maji. Ndiyo maana vyoo vyeupe vingi vya kijijini, baada ya miezi michache, vinakuwa na ndoo pembeni na tangi tupu juu. Kile kitufe kinabaki pambo.

Tukishapata maji ya kuingia, yanatokaje? Stoo ya mbele iko upande wa juu wa nyumba. Ili uchafu ushuke, bomba la inchi nne linahitaji mteremko wa takriban sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na linahitaji kwenda moja kwa moja, bila kona nyingi. Kutoka pale, njia fupi ni kupita chini ya sakafu ya sebule, ya ukumbi na ya jiko. Siku bomba litakapoziba, na mabomba huziba, tutavunja sakafu ya sebule kwa nyundo mbele ya hao wageni. Njia nyingine ni kuizunguka nyumba, kona juu ya kona, na kila kona ni mahali pa kuziba. Kosa hili halirekebishwi kwa vigae vizuri. Linarekebishwa siku ya kwanza tu, kwa kuchagua chumba kingine.

Na mwisho wa bomba hilo? Kwenye mpango wa baba mkubwa, mwisho wa bomba haukuchorwa. Fundi alisema, "Tutachimba shimo hapo nyuma." Hapo nyuma ni wapi? Chini ya shamba letu kuna nyumba ya jirani, na mkono wa kushoto, chini zaidi, kuna chemchemi ambayo familia kadhaa huchota bomba likikauka. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa usafi ni kwamba shimo la choo liwe walau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi, na sakafu ya shimo iwe walau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Hizo ni kanuni za kawaida. Kwenye mteremko zinahitaji nyongeza: shimo lisiwe juu ya chemchemi, maana maji ya ardhini nayo hushuka. Shimo la nyumba ya juu likikaa vibaya, linaingia kwenye sufuria ya nyumba ya chini.

Sisi wa wilaya ya Kasese hatuhitaji kuhubiriwa habari hii kutoka mbali. Mwaka 2015 kipindupindu kilisambaa wilayani kwetu kwa muda mrefu, na uchunguzi uliofanywa ulikihusisha na maji ya kunywa yaliyochafuliwa na maji taka. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikafika Bwera, na kila mlango ukawa na kibuyu chirizi na sabuni. Ugonjwa ulipopita, vibuyu vilikauka. Tunajenga mabafu ya mamilioni, lakini mahali pa kunawa mikono baada ya kutoka kwenye choo cha shimo hapapo. Nani ametuloga?

Kuna hatari nyingine ya maji ambayo mafundi wetu wanaipuuza. Septemba 2022 udongo uliporomoka kijijini Kasika, wilayani mwetu, ukaua watu. Sisemi bafu la mtu ndilo lililosababisha. Mvua ilikuwa kubwa. Ninachosema ni kwamba udongo wa mteremko uliolowa ni udongo mzito na mlegevu. Nyumba nyingi kwetu zimekaa kwenye uwanja uliochongwa kilimani, na nyuma yake kuna ukingo mkali. Ukichimba shimo la kunyonya maji karibu na ukingo huo, kisha ukamimina humo mamia ya lita kila siku, unaulowesha ukingo uleule ambao mvua nayo inaulowesha. Busara gani hiyo?

Halafu kuna kuta zenyewe. Nyumba ya babu haina mkanda wa zege juu ya madirisha. Matofali yake yanashikwa na udongo. Ukikata mlango mpya kwenye pembe ya nyumba ya namna hiyo, umekata mfupa. Nchi yetu inatetemeka: baada ya 1966 lilikuja tetemeko la Februari 1994 upande wa Fort Portal, na madogo tunayasikia miaka yote. Isitoshe, bafu ni unyevu. Maji yatapenya nyuma ya vigae, maana fundi wa kijijini hapaki dawa ya kuzuia maji, na udongo ulio kati ya matofali utarudi kuwa tope. Kwa miaka mitano hatutaona kitu, kwa sababu vigae vinaficha. Mwaka wa sita ukuta utatuonyesha.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwani nimeusikia sana jikoni na njiani. Wapo wanaosema kwamba choo ndani ya nyumba ni mambo ya Wazungu, na kwamba wazee wetu walijua kwa nini walikiweka mbali. Hawa nao wamekosea. Waswahili wa Gedi, karibu na Malindi, walikuwa na vyoo na mahali pa kuogea ndani ya nyumba zao za mawe karne nyingi kabla ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika la maji bafuni, na humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwafrika Mashariki hakufundishwa na katalogi ya Kampala kwamba bafu linaweza kukaa ndani. Hata hivyo miji hiyo inatuachia onyo pia: visima na mashimo vikibanana mahali pamoja, maji ya kunywa huchafuka.

Wengine wanasema kinyume: ama choo cha kisasa cha kuvuta, ama tubaki washamba. Hao wanadhani njia ni mbili tu. Huko Zimbabwe, miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya Blair walitengeneza choo cha shimo chenye bomba la hewa na wavu juu yake: harufu inapanda, inzi wananaswa, na hakuna tone la maji linalohitajika. Huko India, tangu 1970, Bindeshwar Pathak na shirika lake la Sulabh walieneza choo cha kumwagia maji kwa kopo, kinachotumia takriban lita mbili tu, chenye mashimo mawili pembeni. Shimo moja likijaa, unaelekeza uchafu kwenye la pili, na la kwanza unalifunga likapumzika miaka miwili hivi, hadi kilichomo kifanane na udongo. Vyoo hivi havikubuniwa na washamba. Vilibuniwa na watu waliokaa wakajiuliza maji yao ni kiasi gani na yanakwenda wapi.

Nani atasema kwamba mimi ni mhodari wa kubomoa tu, sijengi? Basi huu hapa mpango wangu, nimeupima kwa futi kamba na mdogo wangu akishika ncha ya pili.

Stoo iachwe kama ilivyo. Bafu lijengwe upande wa nyuma, kando ya jiko, ambako mlango wa nyuma uko tayari na hakuna ukuta wa kukatwa. Liwe na msingi wake na kuta zake zenye mkanda wa zege, lisiegemee ukuta wa babu, ila lifunikwe na paa lililorefushwa ili anayekwenda asinyeshewe. Kutoka chumba cha bibi hadi hapo ni hatua tisa, zote tambarare. Ndani yake ligawanywe mara mbili: choo upande mmoja, mahali pa kuogea upande mwingine, kila kimoja na mlango wake, maana watu saba asubuhi hawawezi kungojeana. Kila upande uwe mita moja na nusu kwa mita moja na robo. Milango iwe na upana wa sentimita themanini na ifunguke kwa nje: mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaowafungia waokoaji. Pawe na bomba la chuma la kushika ukutani, kimo cha kiuno cha bibi, na kiti cha choo asichohitaji kuinuliwa anapoondoka. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa, isiteleze, na ishuke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Dirisha liwe dogo na la juu, lenye wavu.

Choo kiwe cha kumwagia kwa kopo. Kwa lita mbili, wale watu saba wanatumia lita 56 kwa siku, yaani jerikani tatu zisizojaa badala ya nane au kumi na mbili. Mashimo mawili yachimbwe upande wa kulia, mbali na ukingo, mbali na chemchemi, tena baada ya kuzungumza na jirani. Maji ya kuoga yasiingie humo. Yapitie mfereji wa mawe yaende kwenye migomba yetu, yaishie kwenye shamba letu.

Na pesa za vigae? Zinunue mfereji wa mabati na tangi. Paa letu lina takriban mita za mraba sitini. Mvua ya milimita kumi, ambayo kwetu si mvua ya kusimulia, inaangusha juu yake lita 600. Hata tukipoteza lita mia, zinabaki jerikani ishirini na tano, zimejileta zenyewe mlangoni pa bafu. Hakuna kigae kitakachomfanyia mdogo wangu hivyo.

Nimeambiwa kwamba mpango huu hauna fahari. Kweli, hauonekani kutoka njiani. Nimeambiwa pia kwamba mtoto wa kike haelekezi wazee mahali pa kuchimba shimo. Hapo nitajibu waziwazi: mimi na mdogo wangu tumebeba maji ya nyumba hiyo tangu tukiwa na jerikani za lita tano. Anayebeba mzigo ana haki ya kuuliza unakopelekwa. Hiyo si dharau kwa wazee. Dharau ni kumjengea bibi bafu asiloweza kulifikia, kisha tukaandika mwaka wa ujenzi juu ya mlango.

Kwa hiyo ninawaomba wazee wa nyumbani, na kila familia ya Bwesumbu inayohesabu pesa za kahawa msimu huu: msimlipe fundi malipo ya kwanza kabla ya mambo matatu. Kwanza, subirini mvua, mtoke na makoti yenu, mfuate kwa miguu maji yanayotoka nyuma ya nyumba hadi yanapoishia, na mkifika kwa jirani mpigeni hodi. Pili, hesabuni jerikani, na mwiteni anayezibeba aketi kwenye kikao. Tatu, mshikeni mkono mzee wa nyumba, mtembee naye usiku kutoka kitandani kwake hadi mahali mlipochagua, taa zikiwa zimezimwa. Pakimshinda, chagueni pengine. Kisha mwiteni fundi, na vigae vizungumzwe mwisho, pesa zikibaki.